Matone Niliyokupaka Kichwani

Kaka Mutalemwa,

Sisi huku Kagoma tupo. Mwalimu wa kisomo alitufundisha barua ianze kwa kuuliza hali, lakini kwako sijui niulizeje.

Tangu tukuzike mvua imenyesha. Kahawa yako ya upande wa chini tumechuma mimi na mama yetu Mae. Migomba miwili imeanguka. Kwenye kitanda chako analala Koku. Mimi sijalia bado. Watu wananiangalia waone kama nitalia, na mimi naangalia miguu yao.

Nakuandikia kwa sababu ya Koku. Ameanza kutembea kama wewe, anayumba. Juzi alikuwa anatoka kisimani, maji yanamwagika kila hatua, na njia ilikuwa kavu kabisa, haina utelezi. Mae aliona, na mimi niliona. Kesho yake kikombe kikamtoka mkononi. Mdogo wetu ana miaka kumi na moja tu.

Wewe ulianza hivyo hivyo. Balozi wetu wa nyumba kumi akakusimamisha kwenye shamba la kijiji mbele ya watu: "Wewe Mutalemwa, asubuhi hii umeshakunywa pombe ya lubisi?" Wakacheka. Ukamjibu, ulimi tayari mzito, "Balozi, ningekuwa nimekunywa ningekuletea na wewe." Wakacheka zaidi, safari hii upande wako. Lakini nyumbani hukula.

Hospitali ya Bukoba tulienda mara tatu. Mara ya kwanza ulitembea mwenyewe. Mara ya pili walitoa damu, wakasema inapelekwa mbali. Mara ya tatu nilikushika kuanzia Rwamishenye, ukabaki kwenye benchi nje, nikaingia peke yangu kuchukua majibu. Daktari akasema, "Ndugu yako amekosa vitamini E. Imo kwenye haya mafuta. Tunataka ifike kwenye ubongo. Matone kumi asubuhi, kumi jioni, pamoja na chakula." Nilitaka kuuliza inafikaje. Mzee mmoja mlangoni akakohoa, foleni ilikuwa ndefu. Nikasema asante. Kwenye chupa maandishi yalikuwa ya Kiingereza.

Kaka, nilikupaka kichwani.

Unajua nilikupaka, kichwa kilikuwa chako. Ila hukujua kwamba ilikuwa makosa. Kila ukimaliza kula, matone kumi utosini, nasugua kwa vidole. Miezi minne. Ubongo uko kichwani, mafuta yanapenya ngozi, nikaona ni sawa. Ulikuwa unacheka: "Polepole, mdogo wangu, unanikaanga kama senene." Chupa zikaisha. Wewe ukazidi kuyumba. Halafu siku ile ukaenda kisimani peke yako, ukaanguka uso kwenye maji ambayo hayafiki gotini, ukashindwa kuinuka. Nilikukuta mimi.

Siku nne zilizopita nilimpeleka Koku kwa daktari yule yule. Akaniuliza wewe ulikuwa unakunywa dawa na chakula gani. Kunywa. Nikamwambia nilikupaka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akachukua karatasi, akachora kichwa.

Alisema kutoka nje ya kichwa hakuna njia, hata ningekupaka debe zima. Njia inaanzia tumboni. Ile vitamini haitembei yenyewe, inafuatana na mafuta ya chakula, inaingia kwenye damu ikiwa imebebwa, inazunguka mpaka kwenye mishipa midogo ya ubongo. Mishipa ya huko kuta zake zimebanana sana, vitu havipiti ovyo. Ila kwenye ukuta kuna kama mikono, inapokea yale mafuta na kuyaingiza ndani kidogo kidogo. Akasema ukoo wetu miili haiishiki vitamini hiyo, inapotea, ndiyo maana tunatakiwa kunywa nyingi na kila siku, mapema, kabla mishipa ya fahamu haijaharibika.

Nilimwomba arudie. Watu nje walikohoa. Nikamwomba tena. Mwisho nikauliza kama wewe ungepona. Akasema usingerudi kuwa kama zamani, lakini huenda usingezidi.

Chupa ya Koku iko juu ya kabati. Haijafunguliwa. Mae amekataa. "Dawa ile ile? Mutalemwa alimaliza chupa zote na leo yuko wapi? Humpi mwanangu." Simlaumu. Kwa alichokiona yeye, ana haki. Hakuwa anajua daktari alisema nini, alijua tu mimi ndiye niliyekwenda.

Kwa hiyo lazima ajue kwamba dawa haikukushinda. Haikuingia. Mlango ulikuwepo na mimi niliipeleka kwingine. Bila hilo hatakubali, na kila siku Koku anazidi kushika ukuta. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu ni wewe niliyekukosea. Yeye sijui kama atanifukuza. Akinifukuza nitakwenda, lakini nitamwachia maelezo yote, kumi asubuhi, kumi jioni, mdomoni.

Duka la kijiji halina mafuta ya kupikia mwezi wa pili sasa. Leo Mae amepika ndizi kwa karanga, na daktari alisema karanga zinafaa. Namsikia anapakua.

Lala, kaka. Nakuahidi Koku hatatia tonge mdomoni mchana huu kabla sijasema.

Mdogo wako,
Kamugisha