Sketi ya Mustikere

Mama mukwe,

Nakusalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, hata kama ziwa lote liko katikati yetu. Mugongo wako unaendelea aje? Na Baba mukwe, kikohozi kilimuacha? Huku Kabuta tunapumua. Feza, binti yako, iko muzima, usishituke. Lakini nina kosa, na nataka ulisikie mu kinywa changu kabla bachuuzi ba samaki bakupelekee. Kwa desturi ningetuma mukubwa wangu akuje kusema kwa ajili yangu. Nimekatala. Aibu hii ni yangu mwenyewe.

Unajua mvua ikija serikali inafunga ziwa, hakuna kuvua. Tukakaa bure, banaume batano. Rafiki yangu Kazadi akatuonyesha mu telefone balé ya wazungu, bamama bembamba banasimama juu ya ncha ya vidole. Akasema, "Tucheze hii, siye wenye ndevu!" Basi tukaanza kuicheza ku ndoa za batu. Mu ndoa ya kwanza, mu ndoa ya pili, batu balicheka mpaka machozi. Mu mchezo mimi ndiye nilikuwa bibi-arusi, na Mama, nilipenda sana vile balikuwa banapiga makofi.

Sketi yangu ya kuchezea ilipashwa kuwa nyeupe na nyepesi. Mustikere, vile vyandarua vya mbu, za majirani zote ni za buluu. Yetu tu ndiyo ilikuwa nyeupe, mupya, Feza alipewa ku kiliniki ju ya mimba, mbu wasimuume. Nikakata upande wa chini. Feza akauliza, "Na mbu, ba Ilunga?" Nikamujibu, "Mimi ni muvuvi. Nani anajua kushona wavu kunipita?" Nikaziba pale kwa uzi wa kuvulia, fundo kwa fundo, vizuri kabisa. Ole wangu! Nilishona matundu yenye samaki hawezi kupita. Kwa mbu ilikuwa mulango.

Siku ya ndoa ya tatu bakaniita katikati ya mchezo: Feza anatetemeka, mwili moto. Nikamubeba ku kinga, baiskeli yangu, nikakanyaga pedali mpaka kiliniki ya Kafutuma, sikuwaza hata kuvua sketi. Bamama ku foleni bakacheka. Infirmiye, muuguzi wa pale, hakucheka. Alishika sketi kwa vidole viwili, akaniuliza pole pole, "Hii si ile mustikere nilimupa bibi yako?" Mama, nilikosa pa kuweka uso.

Feza alinikataza kukuandikia hivi. "Andika tu malaria ilinikamata," alisema. Bado ananifichia aibu, yeye mwenye nilimuponza. Hiyo ndiyo inanichoma zaidi.

Unisalimie Baba mukwe, shemeji yangu mwenye kushona nguo, na mama mukubwa wa Feza anayetuombea ku kanisa.

Sasa habari yenyewe, ile niliogopa kuanza nayo. Malaria ilimusukuma mutoto, akatoka mbele ya wakati. Ni mwanamuke. Ni mudogo sana, tunamufunga ku kifua cha mama yake, lakini ananyonya. Kwetu mutoto mwanamuke wa kwanza anabeba jina la mama ya mama yake, unajua. Lakini mukwe hatamki ovyo jina la mama mukwe, na miye mwenye kosa, jina lako sijathubutu kulitamka mu nyumba hii. Majirani banauliza anaitwa nani, tunabaambia bangoje. Ukikubali nimuite, Mama, tuma neno moja tu.

Miye mukwe wako mwenye haya,
Ilunga