Bakuli ya Mahindi Iliyobaki Nyumbani

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwezi wa saba 2009

Baba Parfait,

Sisi tuko. Maharagi imeiva. Parfait ameanza kutembea. Anafika mpaka mulangoni, anarudi. Chefu mupya wa kijiji ametengeneza pompi, maji inatoka.

Nasikia uko Kakiika, unachunga ngombe za bantu bengine. Unakula?

Sheria ya bakuli ulitunga weye, wakati ulikuwa chefu. Kila mavuno, kila nyumba ilete bakuli ya mahindi kwa kazi ya kijiji. Nyumba mingi zikikataa, chefu atoke kwenye kiti bila fujo. Ulisema, "Kwetu Kivu bakubwa banatokaka kwa risasi tu. Hapa batatoka kwa bakuli." Nilikupenda mingi siku ile.

Kisha mahindi ya kutengeneza pompi ukapatia ndugu zako. Nilikuambia, ukanicheka. Siku ya mavuno nusu bakaleta, nusu bakakataa, ikabaki nyumba yetu. Bantu bote bananiangalia miye. Bakuli yetu nikaiacha nyumbani.

Hakuna risasi iliyolia. Ulipanda baiskeli, ukaenda.

Ulitunga namna chefu anatoka kwenye kiti, Baudouin. Namna bwana anarudi kwa bibi yake, hukuitunga.

Ni miye wako, kama ungali unataka,
Georgette