Jina Nisilolitaja Darasani

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Gitting haina adabu. Sketi ya kazi nilifua juzi, leo asubuhi bado mbichi kiunoni. Nimeivaa hivyohivyo. Vipindi viwili Kidato cha Pili B, kimoja Kidato cha Kwanza. Mlima umejifunika ukungu mpaka saa nne.

Wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha. Mwaka wa tatu wa shahada, Kiingereza na ualimu. Imebaki hii tu na mitihani ya mwisho. Ukifeli mazoezi husogei. Unarudi mwakani na wadogo zako. Sijawahi kubeba sapu, kurudia mtihani, hata mara moja, sitaki kuanzia hapa.

Mahudhurio ya Pili B: nimeita wote isipokuwa mmoja. Huyo nimemtazama tu, nikaweka alama. Dawati la nyuma, dirishani. Mrefu, mpole, mwandiko mzuri kuliko wangu. Ana jina la baba mkwe wangu.

Mimi ni Mmbulu wa kijiji cha Daudi, mtoto wa wakulima. Nimeolewa kwa Wadatoga, wafugaji wa kule bondeni. Kwao mke wa mwana hataji jina la baba mkwe. Si nyumbani, si sokoni, si peke yake jikoni. Mama mkwe alinieleza wiki ya kwanza ya ndoa, nikakubali. Hata hapa siliandiki.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimejifanya mjanja. Nikasema nitamwita kwa jina la baba yake. Wakasimama wawili! Kumbe ana ndugu darasa hilohilo, baba mmoja, mama mbalimbali. Darasa zima likacheka. Yule niliyemtaka akawa wa kwanza kukaa.

Mwenzake akajibu swali vibaya sana.

Nimechoka na ujanja wangu.

Ijumaa, 18 Julai

Mume wangu amepiga simu kutoka Haydom, anafanya kazi maabara ya hospitali. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Eti mtaje tu, hiyo ni kazi, nani atamwambia mzee. Nikakasirika. Kwake ni rahisi, ni baba yake, analitaja tangu ana meno ya maziwa. Nikamwambia abaki na darubini yake, nikakata.

Si kwamba naogopa laana. Labda kidogo. Lakini nilipopata nafasi ya chuo, wajomba na baba wadogo wote walikataa. Mke wa boma aende kukaa mjini miaka mitatu? Aka! Baba mkwe ndiye aliyesema niende, ng'ombe watakamuliwa na waliopo. Alisema mara moja tu na maneno yakaisha. Tangu hapo hajawahi kuniuliza ninasoma nini wala kwa nini. Ninachoweza kumpa mtu huyo ni hiki kimoja, kulinda jina lake.

Mwalimu Tluway, ndiye mwenye darasa hili, ananiangalia nikifundisha. Mmbulu mwenzangu. Ameshagundua. Ameniambia heshima si utumwa, lakini hii yangu imekaribia. Nikacheka. Sikufurahi.

Jumanne, 22 Julai

Dokta amekuja. Bila taarifa, kama kawaida yao. Mhadhiri wetu wa fonetiki, ndiye msimamizi wangu. Mara mbili atanikagua, leo ni ya kwanza.

Andalio la somo lilikuwa safi. Sauti ilitoka. Watoto walijibu. Nikagawa makundi, nikaandika majina ubaoni, kundi kwa kundi. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mkono ulipofika kwa yule wa dirishani ukaruka wenyewe. Nikaandika wa mbele yake, nikaandika wa nyuma yake. Yeye sikumwandika popote. Nilikuja kugundua makundi yameshakaa, yeye bado yuko pale peke yake, kalamu mkononi, anautazama ubao.

Nikamwonyesha kwa chaki. Nenda lile. Akaenda.

Baada ya kipindi Dokta akaniita chini ya upenu wa stoo. Akasema, "Madam, kuna mtoto humuoni." Akasema wote nimewaita kwa majina, huyu namnyooshea chaki kama mbuzi wa watu. Akauliza kosa lake nini. Nilikuwa na nafasi ya kueleza. Nikamwangalia, viatu vyake vinang'aa, miwani, Kiingereza chake cha redioni, nikaona atanicheka. Ataniona wa porini. Nikasema nilisahau.

Nilisahau! Mtu hasahau mtoto mmoja kwa wiki mbili.

Amesema atarudi. Nisipobadilika hapo, hanipitishi, nirudie mwakani. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Jumatano, 23 Julai

Dawati la dirishani tupu.

Alhamisi, 24 Julai

Tupu tena. Nikamwuliza yule ndugu yake. Akaangalia chini. Akasema amekwenda kuchunga. Nikauliza baba yao kamtoa shule? Hapana, Madam. Ameamua mwenyewe. Nikamkazania. Ndipo akasema, taratibu, ndugu yake amesema wewe humpendi, hata jina lake linakuchukiza.

Nimefundisha vipindi vitatu baada ya hapo, sijui nimefundisha nini. Mimi nalibeba jina lake kama yai, yeye anaona nalitupa. Nilikuwa nawaza shahada yangu tu. Nimelia chooni. Imeandikwa, imekwisha.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeteremka bondeni kwa wakwe. Bodaboda mpaka mwisho wa barabara, kisha miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Baba mkwe yuko mnadani, nikashukuru. Shikamoo kwa mama mkwe, shikamoo kwa mke mkubwa, maziwa, habari za safari, habari za mvua ambayo haipo. Hapa huanzi na shida yako.

Jioni tukiwa wawili nikamwambia yote. Mficha uchi hazai. Nilidhani atasema moja kati ya mawili: litaje au acha shule. Hakusema hata moja. Akanisimulia alivyopelekwa Haydom kujifungua mtoto wake wa mwisho. Nesi kashika kadi, anauliza jina la mume, jina la baba wa mume. Uchungu umembana. Nesi anapiga kelele, mama, wewe bubu? Akamgusa mwanamke wa kitanda cha jirani, wa kwao, ambaye si mke wa boma hilo. Mwenzake akataja. Nesi akaandika. Mtoto akazaliwa.

Akaniambia, "Jina halikosi mdomo. Kama si wako, ni wa mwenzako."

Kisha akanigombeza. Si kwa ajili ya Dokta. Kwa ajili ya mtoto. Alisema kumheshimu mtu bila yeye kujua kuwa unamheshimu ni sawa na kumnunia. Kweli.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi nilipita kwao kabla ya shule na yule ndugu yake. Boma lao si mbali, nyuma ya mashamba ya ngano. Nikamkuta zizini, fimbo begani. Nikampa habari kama mtu mzima. Nikamwambia wewe una jina la baba mkwe wangu, mimi ni mke wa boma fulani, mdomo wangu haulifikii. Si chuki.

Alinitazama muda mrefu. Yeye Mdatoga, desturi anaijua kuliko mimi. Kumbe hakuwahi kufikiri kwamba madamu wa chuo, mvaa kitenge, mwongea Kiingereza, anaweza kuwa mke wa kwao. Akauliza kama ni kweli. Nikasema muulize yeyote unayemtaka. Akaweka fimbo ukutani, akaingia ndani kuvaa shati.

Darasani nikawaambia wote. Mweh! Sijasikia kelele kama ile tangu nifike. Neema, kiranja, akapanda juu ya dawati. Wameanza kumwamkia shikamoo baba mkwe. Akaitikia marahaba, bila kucheka, mkono mgongoni kama mzee wa baraza. Dakika tano sikuweza kuwatuliza. Sikutaka sana kuwatuliza.

Jumatano, 30 Julai

Utaratibu mpya. Chaki inatembea. Aliyeishika anajibu, kisha anampa mwingine kwa kumtaja jina, kwa Kiingereza, sentensi nzima. Mimi siiti mtu yeyote, hata mmoja. Wanataka chaki iwafikie, wanaongea. Hata wale wa Kidato cha Kwanza wamechungulia dirishani.

Kesi ya mama mkwe hospitalini imekuwa mbinu shirikishi. Chuoni tungeiandikia kurasa nane.

Baba mkwe wa darasa anaandika vizuri ila haongei. Akipewa chaki anasema neno moja, mawili, anaitoa haraka. Kiingereza kinamkaba. Sawa. Yupo darasani, hilo linatosha.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani, kisha kufua. Mwalimu Tluway amesikia Dokta yuko Katesh, mji wa jirani, tangu jana. Basi ni wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Nipumue kwanza.

Kipindi cha tatu. Dokta akaingia, akakaa nyuma, karatasi gotini. Somo: kueleza nyumbani kwenu. Chaki ikatembea. Neema akaeleza nyumba yao, mbwa wao, mpaka ugomvi wa jirani. Vizuri. Watu sita, saba, chaki inakwenda, majina yanaitwa, sauti ziko juu. Nikaanza kuamini nimepona.

Dokta akainua mkono. Msimamizi, anainua mkono darasani kwangu! Akasema, kwa upole, kwamba utaratibu ni mzuri ila angependa kumsikia mwalimu mwenyewe akimwita mwanafunzi. Akanyoosha kalamu. Yule pale, wa dirishani.

Watoto wote wanajua. Dokta peke yake hajui.

Nilifungua mdomo. Niandike ukweli: nilitaka kulitaja. Miaka mitatu ya chuo ilinijia kichwani, usingizi wote niliokosa, vitabu vyote, nikasema basi, ni neno moja. Mzee hayupo. Ulimi ukafika kwenye meno. Ukabaki hapo. Nikaona nimeshindwa, nikageuka kumwambia Dokta aandike tu anachoandika.

Kiti kikasogea nyuma. Amesimama. Hajaitwa, hana chaki. Akakohoa. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, neno baada ya neno, kwamba mwalimu wake hawezi kutaja jina lake kwa sababu analiheshimu, ni jina la baba wa mume wake. Akasema kwa hiyo atalitaja yeye. Akalitaja. Kamili, kwa sauti, mpaka nikainamisha kichwa kama wakwe walivyonifundisha. Kisha hakukaa! Akaendelea na somo. Nyumbani kwetu kuna ng'ombe, kuna mama wawili, kuna mlango unaotazama mlima. Alikosea mahali pawili. Sikumsahihisha.

Neema akaanza kupiga makofi, darasa likafuata.

Nje, Dokta alikunja karatasi zake. Akauliza kwa nini sikumwambia siku ya kwanza. Nikasema niliona aibu. Akasema na yeye angeona aibu sasa, kama ningekuwa nimelitaja kwa ajili yake. Akasema kosa la siku ile linabaki kwenye karatasi, mtoto aliachwa nje ya kundi, hilo hafuti. Sikubisha. Leo amenipa alama nzuri. Jumla nimepita. Si kwa kishindo, ila nimepita.

Nilirudi darasani kuchukua vitabu. Yule kijana alikuwa anafuta ubao. Nikasema asante, baba mkwe. Akasema karibu, Madam.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima. Shule imefungwa. Nimekuja bondeni tangu jana, mume wangu naye amefika kwa basi la asubuhi na kikohozi chake.

Upepo mkali mchana, jioni umetulia. Ng'ombe wamerudi mapema. Baba mkwe alikaa nje, mgongo ukutani. Mimi ndani na mama mkwe, tunafukiza vibuyu vya maziwa. Mzee akauliza kupitia kwa mkewe, ingawa ukuta ni mwembamba na nasikia kila kitu. Kazi ya shule ya mke wa mwanao imeishaje? Mama mkwe akanigeukia. Nikasema nimepita. Akampelekea jibu.

Akauliza tena. Na yule mtoto, alimwitaje? Kumbe anajua. Mama mkwe akafanya kama hanioni.

Nikasema sikumwita. Alijitaja mwenyewe, kwa Kiingereza, mbele ya mgeni.

Mama mkwe akalitoa jibu nje hivyohivyo. Baba mkwe akauliza kama mtoto alilitaja kwa sauti. Nikasema kwa sauti. Akasema basi. Akaomba maziwa. Nikachagua kibuyu kilichofukizwa vizuri, nikakijaza, mama mkwe akampelekea.