Vali Mia Mbili na Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Waraka umebandikwa ubaoni asubuhi, umegongwa muhuri kabisa. Laptopu zote za idara ya maji zifutwe, ziwekewe mfumo mpya, mwisho Ijumaa. Sababu — virusi vimeingia kupitia mashine ya mhasibu, yule anayefungua kila kitu anachotumiwa. Kikohozi ni cha mhasibu, dawa tunywe wote. Upuuzi mtupu.

Laptopu yangu haina shida. Nzito kuamka, sikatai. Naiwasha, naenda kunywa chai, narudi bado inajizungusha. Herufi E iling'oka zamani, nabonyeza kile kidude cha chini yake. Lakini inafanya kazi, na humo ndimo ilimo ramani ya vali zangu.

Mabomba ya mji huu yalizikwa kabla sijazaliwa, michoro yake ililiwa na mchwa. Bomba likipasuka, lazima ujue vali ipi ya kufunga na imefukiwa wapi. Usipojua, unafunga tangi kuu na mji mzima unakaa mkavu. Anayejua ni mimi. Peke yangu. Sasa eti nifutwe kama ubao wa darasani.

Binti wa kompyuta, ana miezi mitatu hapa, alikuja mezani na adabu zake zote. Mzee wangu, naomba nikuhamishie mafaili kwanza, niyaweke kwenye seva ya ofisi, ndipo tufute. Nikamwambia yangu nitayahamisha mwenyewe, seva yake awawekee wengine. Akanipa fomu inayosema kwamba mhusika amejinakilia data zake mwenyewe. Nikasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Seva! Meneja ameshaniomba ramani hiyo mara tatu aiweke huko. Nikiiweka, kila mtu ataiona, na mwezi ujao napewa mkono wa kwaheri. Nimebakiza miaka minne kustaafu. Mjinga si mimi.

Jumanne, 4 Machi

Flashi mpya. Nikabonyeza ile folda yangu ya VALI, iliyokaa usoni pa kompyuta miaka yote, nikainakili. Nilijiandaa kusubiri. Nimevuta kiti, nimeweka miguu juu ya droo. Kufumba na kufumbua — tayari. Vali 217, miaka kumi na moja, picha, vipimo, "hatua saba kutoka pembe ya ukuta wa ghala, futi nne chini". Zote zimeingia kabla sijashika kikombe. Halafu wanasema mashine imezeeka.

Flashi nimeifunga kwenye leso, iko mfuko wa shati. Mke wangu ameniuliza kama nimebeba irizi. Nikamwambia ndiyo.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne binti alikaa na laptopu yangu. Nilisimama nyuma yake, sikubanduka. Akachomeka flashi yake yenye mfumo mpya, akawasha, ukaja ukurasa wa buluu. Akaniuliza nina hakika kila kitu nimekitoa. Nikasema nina hakika. Kompyuta nayo ikauliza kama nakubali vyote vifutike visirudi tena. Binti akageuka tena, mzee wangu, tuhakikishe pamoja hiyo flashi yako? Nikaona huyu ananitafuta, anataka aione ramani. Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikabonyeza mwenyewe.

Nusu saa. Ikajizima, ikajiwasha. Ikaniuliza lugha, ikaniuliza saa, ikaniuliza jina langu. Miaka kumi na moja tumekaa pamoja, leo inaniuliza jina. Nikaandika. Ikafunguka haraka mno, nyeupe, haina kitu. Nikakiri moyoni kwamba imependeza.

Nikachomeka flashi yangu. VALI ikatokea. Nikabonyeza. Ikasema kinachotafutwa hakipo.

Nikabonyeza tena. Hakipo.

Nilimshukia yule binti kama mwewe. Nilimwambia ameniharibia, amenibadilishia, mtoto wa juzi anakuja kuchezea kazi za watu. Korido nzima ilisikia. Mhasibu alichungulia mlangoni nikamfukuza. Binti aliinama tu kwenye kioo, akasema taratibu, mzee wangu, unaona hiki kimshale kwenye kona ya picha? Hii si folda. Hii ni njia ya mkato, kibao tu cha kuelekeza. Folda yenyewe ilikaa ndani zaidi, mahali pengine. Kuna mtu alikuwekea hiki usoni ili usihangaike.

Nikakumbuka. Fundi aliyekuwepo kabla yake, ndiye aliyenirahisishia. Mungu amrahisishie na yeye.

Nimenakili kibao, nyumba nimeibomoa. Tena kwa kidole changu.

Lakini hilo sikumwambia. Nilimwambia atajua yeye, na kesho asubuhi ramani iwe mezani. Nikatoka. Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, na njiani nimekanyaga kila kifuniko cha zege nilichokiona.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Meneja. Ameuliza kitu kimoja tu: nakala ya seva iko wapi? Nikamjibu jibu la ovyo. Hakugomba. Amenitazama kwa huruma, na hilo ndilo limenikera zaidi.

Binti amekaa na laptopu siku nzima, na programu ya kufukua vilivyofutwa. Hajala mchana. Jioni ameniita. Mafaili elfu mbili hivi, majina yote yamegeuka tarakimu, mengi hayafunguki. Tumepata kalenda ya mwaka wa nyuma. Tumepata harusi ya shemeji yangu. Tumepata picha tatu za vali — vifuniko vitatu vya zege, bila neno hata moja, na kifuniko cha zege ni kifuniko cha zege.

Ameniambia pole. Nilitaka kumwambia anayestahili pole ni yeye. Nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kanisikiliza kwa siku mbili nikimtukana binti, Meneja, mhasibu, fundi wa zamani, na aliyebuni kompyuta. Leo mezani kaweka kijiko chini. Baba watoto, orodha ni ndefu na jina lako silisikii, unasubiri nikutajie mimi? Nikaondoka mezani. Chakula nilikuwa sijamaliza, nikaona aibu kurudi kukichukua.

Sawa. Hapa hasomi mtu. Ramani niliificha ili wanihitaji. Siyo kuitunza, kuificha. Nilifurahia simu zile za asubuhi, mhandisi mzima na shahada zake akiniuliza mzee, tunachimba wapi? Nilikuwa navuta pumzi kwanza kabla ya kujibu.

Nimejaribu kuziandika vali zote kutoka kichwani. Zimefika 31. Kati ya hizo sita sina hakika.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anasema niende kwa Mzee Koleo. Siendi.

Koleo alikuwa nyapara wetu. Vali zote alikuwa nazo yeye kichwani, mimi nilikuwa karani tu. Miaka mitano, kila Jumamosi, tulizunguka mji, yeye akigonga chini kwa kisigino — hapa, futi nne, inafunga kushoto — mimi nikiandika daftarini, usiku nikiingiza kwenye laptopu na kuchana karatasi. Hakunidai hata soda. Alipostaafu nikaionyesha ramani kwenye mkutano wa wahandisi. Wakapiga makofi. Jina lake sikulitaja. Nilikuja kujiambia muda haukutosha, kumbe ulibaki mpaka tukaulizana habari za watoto.

Naye alikuwemo mkutanoni, aliketi mstari wa pili. Miaka sita sijakanyaga kwake. Nikienda leo nimwambie nini? Siendi, siendi, siendi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika ndani ya pikapu ya ofisi, magoti yameloa. Lazima mikono ishike kitu.

Bomba kubwa limepasuka saa moja asubuhi, nyuma ya hospitali. Maji yanaruka juu kuliko ukuta. Yameshaingia ghala la dawa, wauguzi wanabeba maboksi kichwani, wodi ya wazazi imeanza kuhamishwa. Meneja alinipigia nikiwa napiga mswaki. Vali iko wapi? Mtu wa tangi kuu naye yuko kwenye simu, anataka kujua kama afunge mji mzima, na hospitali ni sehemu ya mji.

Nilisimama pale barabarani, watu kumi na tano na machepeo yao wananitazama mdomoni. Nikaangalia chini. Lami. Wamepanua barabara, wamejenga kituo cha mafuta, ule ukuta wa zamani tuliokuwa tunapimia haupo. Kati ya zile 31, hii haimo.

Mchuma janga hula na wa kwao. Nikamwambia dereva twende kwa Koleo.

Nilimkuta uani anafunga waya mguu wa kiti. Amekonda. Nilikuwa nimejipanga kupokea matusi, nimejiandaa hata kupigwa. Alisema tu, bomba gani? Nikamwambia la hospitali. Akavaa kandambili akapanda gari. Njia nzima nilipaswa kumwomba radhi, nilikuwa na dakika ishirini nzima, nikatazama dirishani.

Ameshuka, amezunguka. Amegonga kisigino hapa, amegonga pale. Wamechimba shimo la kwanza, hakuna. La pili, udongo mtupu. Maji sasa yako kwenye ngazi za hospitali. Meneja ananiangalia mimi, hamwangalii yeye. Binti wa kompyuta amekunja suruali mpaka magotini, amesimama karibu na Koleo ameshika simu, anarekodi kila anachosema. Hakuna aliyemtuma.

Mzee akanishika kiwiko, akanivuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, ananistahi mimi! Mwanangu, zile vali nilikupa wewe. Zilinilemea, kila usiku nilikuwa nazihesabu nisije nikazisahau. Ulipoziandika nikazitua. Sikuzihesabu tena.

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaja humu garini, nikafunga mlango, nikatoa daftari hili maana mikono ilikuwa inatafuta pa kwenda.

Wanachimba shimo la tatu. Mtu wa tangi kapiga tena, anataka jibu.

Koleo anakuja. Ameniona na daftari. Ameshika ukingo wa dirisha, anahema, maji yanamtiririka usoni, anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alijua tu bado ninalo lile daftari letu la vali, anasema. Nisimpe, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nimsomee tu mstari wa hospitali na kisigino kitakumbuka chenyewe. Nyuma yake wamesimamisha machepeo, wote wamegeukia huku.

Anasema, soma mwanangu. Sijaacha kuandika, na yeye anadhani natafuta ukurasa