Kahawa Chini ya Migomba ya Masoko

Mama Salome,

Hujambo mke wangu? Mvua ya Tukuyu haijakatika tangu asubuhi. Nimevaa lile koti la mtoto wetu, mikono ni mifupi kidogo.

Leo wenzake wa kazini walinipeleka Masoko, kwenye shamba alilokuwa akilibishania kabla hajatuacha. Unakumbuka alivyotueleza: satelaiti yao bado haijarushwa, wanaijaribu kwanza kwenye kompyuta waone itakosea wapi. Kompyuta ilisema kahawa ya huku itaonekana vizuri kutoka angani. Salome peke yake alikataa.

Mwenye shamba, bibi mmoja mcheshi, alipoelezwa alicheka. “Haijaruka bado, na mmeshaisahihishia mtihani?” Kisha akatuingiza chini ya migomba yake. Kahawa ilikuwa humo, mibuni tele, na juu yetu ni majani ya migomba tu, hata mbingu huioni. Nikamkumbuka Salome alipokuwa mdogo, akifunua sufuria kwanza ndipo aamini kuna wali.

“Binti yako alikuwa sahihi, mzee,” mkubwa wao aliniambia. “Nilimbishia bure. Tutarudia hesabu zote.”

Bibi akanishika mkono, akaniita baba kwa lugha ya huku: “Pole, tata.” Nilipotoka shambani nilitoa simu nimpigie Salome, nimwambie amewashinda. Nilishalifikia jina lake ndipo nikakumbuka. Basi nimekuandikia wewe.

Tafadhali uwe unapika, hata kama mlaji ni wewe tu. Jumamosi nikirudi tutakula pamoja.

Wako,
Baba Salome