Buti za Msibani

Dolmoru,
mwezi wa kumi na mbili, baridi imeshaingia

Mdogo wangu Cheon-seok,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi mzima, kwa kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu aliyezika mke juzijuzi. Wewe je, huko mgodini? Kifua bado kinakukohoza? Mguu baridi hii hausumbui? Nauliza kweli, siyo kwa sababu barua huanza hivyo.

Kwanza, aliyekuletea barua hii mkaribishe ndani. Ametoka mbali na tumbo lake bovu. Mkalishe penye moto. Ana kifurushi. Usimuulize cha nini, utajua ukifika chini. Soma polepole. Mkono wangu mzito na shule niliiacha mapema, unajua mwenyewe, lakini hii nimeandika mimi. Sikutaka mtu aniandikie.

Habari za hapa. Mpunga umekobolewa, si haba. Kimchi ya baridi, ile kabichi yetu ya kuchachisha na pilipili, mwaka huu sikutengeneza, mwenye kuitengeneza tulimzika mimi na wewe. Mama Gap-su, yule jirani wa chini ya kinu, kaniletea mitungi miwili ameshaitia kila kitu, akachimba shimo uani akaifukia mwenyewe. Nikamwambia mama, usijisumbue. Akaniambia nyamaza wewe, mwanamume mjane akila wali mtupu hata mbwa wanamcheka. Ndivyo alivyo. Huyo mama mkumbuke, nitamrudia.

Habari kubwa unayo, imefika mpaka magazetini. Mi-ok, binti wa mzee Tak mwenye kinu, ameuawa. Ni jioni ileile tuliyomzika shemeji yako. Alishuka treni, akashika njia ya mfereji kurudi kijijini. Asubuhi wakamkuta majini, mikono imefungwa kwa skafu yake mwenyewe. Kama wale wawili wa mwanzo, yule mwalimu wa wakati wa masika na yule fundi cherehani wa sikukuu ya mavuno. Sasa watatu. Makaburi yote matatu nimechimba mimi. Nani mwingine? Vijana wote wako viwandani.

Mzee Tak alisimama pembeni nikichimba. Hakulia. Alikuwa anarudia neno moja tu, chimba chini, Man-seok, chimba chini, asipate baridi. Ardhi ilikuwa imeganda. Mpini wa sururu ukavunjika, nikamaliza kwa jembe.

Polisi wakajaa kutoka mjini. Wakaweka meza zao kwenye ghala la ushirika. Kitu walichokuwa nacho ni alama za miguu kwenye tope la ukingo wa mfereji. Usiku ule baridi ilishuka, tope likaganda, alama zikabaki kama zimechongwa. Wakazimwagia plasta. Zikatoka nyayo mbili nyeupe, wakaziweka mezani kama mikate.

Halafu wakamkamata Gap-su, mtoto wa yule mama. Unamjua, yule mbeba magunia wa kinuni, mwenye kigugumizi. Kosa lake, eti alikuwa anamtazama Mi-ok. Nani hakumtazama Mi-ok? Lakini Gap-su ukimuuliza anachelewa kujibu, na polisi akicheleweshewa jibu anajijibu mwenyewe. Haikupita muda akakubali. Akakubali wote watatu. Walipomuuliza buti ziko wapi, akasema nimezitupa mtoni. Mto gani, hajui. Wakamchagulia mto.

Mama yake akawa anapeleka kimchi ghalani kila asubuhi, mtungi mzima, ili wamwonee huruma. Nambebea mimi mgongoni. Wanakula. Wanasifia, mama, mkono wako mtamu, pilipili imekolea hasa. Huku nyuma ya magunia tunamsikia mtoto anavyolia. Siku moja mama akawauliza, mwanangu naye amekula? Mmoja akacheka, akamwambia anatafuna kwa shida, bibi, kesho lete laini.

Siku hiyo ndiyo nilipoziona zile nyayo za plasta. Nilikuwa natua mtungi, nikainua macho, zikawa mbele yangu. Kisigino cha kulia kina kiraka cha pembetatu. Mpira wa tairi la baiskeli, umeshonwa kwa waya kwanza, gundi baadaye. Katika wilaya hii anayeziba hivyo ni mtu mmoja. Zilikuwa buti zangu.

Nikasema palepale. Nikamwambia mkuu wao, buti hizi zangu, huyo mtoto mwacheni, nikamateni mimi. Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. Akasema babu, umefiwa, umekunywa, kalale. Nikasema sijanywa. Akasema picha tumeshapigwa, gazeti limeshatoka, sasa wewe unataka nikawaambie nini wakubwa, kwamba nimeletewa muuaji mwingine na mtungi wa kimchi? Wakacheka wote. Mwingine akasema mzee huyu ameona baridi inakuja, anatafuta wali wa bure wa jela.

Nilitaka kweli wanichukue, Cheon-seok. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Mke sina. Mtoto sina. Nikinyongwa mimi nani atapungukiwa?

Aliyekaa bila kucheka ni mmoja, Sajini Pyo. Mtu mfupi, mgonjwa wa tumbo, ile kimchi hata hakuigusa, anakula uji tu. Akanifuata mpaka kisimani. Akamwaga ndoo mbili za maji chini, akaniambia pita hapo, mzee. Nikapita. Akachuchumaa, akatazama sana. Akasema kiraka ni chako, mguu siyo wako. Wewe unakanyaga na mguu mzima. Aliyekanyaga kule mferejini, mguu wake wa kushoto mbele haubonyei, uzito wote uko kisiginoni. Huyo hana vidole.

Halafu akatazama nilichovaa. Akauliza, na hizo za nani?

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ni za msibani, watu walivua wengi, nani ajue.

Unakumbuka siku zile. Viatu vilivyojaa kizingitini, buti nyeusi juu ya buti nyeusi, wakeshaji wa msiba ndani wameinamia karata zao. Mimi nilivaa vile viatu vya majani vya mfiwa, buti zangu zikakaa pale nje muda wote. Tulipotoka makaburini ukala haraka, ukasema zamu inakusubiri, treni itakuacha. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Kesho yake nikaenda kuvaa, zangu hazipo. Imebaki jozi moja, mpya kuliko zangu. Nikaingiza mguu wa kulia, sawa. Nikaingiza wa kushoto, vidole vikagota tambara lililoshindiliwa mbele.

Mdogo wangu, nilicheka. Tangu mke wangu akate roho nilikuwa sijacheka. Nikasema peke yangu, huyu mjinga amekimbilia treni na buti za kaka yake. Nikakumbuka ile jozi moja ya viatu vya mpira tuliyokuwa nayo wawili. Mimi naivaa asubuhi shambani, mchana nakupa unaenda nayo shule. Nikasema basi, tutabadilishana siku ya tambiko la baba.

Hizo buti zako ndizo nilizovaa nikichimba kaburi la Mi-ok.

Sajini hakunibana. Alisema tu, ukikumbuka za nani, mzee, mimi nipo, lakini usikumbuke polepole, Gap-su anapelekwa mjini wiki ijayo, na akishafika mjini harudi.

Nikaenda nyumbani. Nikakaa. Nikaanza kukutetea mwenyewe, hakuna hata anayekushtaki. Nikasema labda alipita tu njia ile. Njia ya kwenda stesheni ni hiyohiyo, kila mtu anapita. Nikasema labda alikuta binti ameshakufa akaogopa. Halafu nikakumbuka yule mwalimu. Alikufa ulipokuja tambiko la baba. Nikakumbuka yule fundi cherehani. Alikufa ulipokuja sikukuu ya mavuno. Mara zote uliondoka na treni ya jioni. Mara zote shemeji yako alikufungia keki za mchele za njiani, na mimi nikasimama pale mlangoni nikikuombea safari njema.

Hata hapo nisingesema. Nakuambia ukweli. Ungekuwa umeniua mimi ningenyamaza.

Ila yule mama alikuja. Alikaa pale kizingitini, mikono bado myekundu kwa pilipili. Akaniambia Man-seok, wazee wa kijiji wamenikatalia. Wamesema aliyenyongwa hawezi kulala makaburini mlimani pamoja na watu. Akaniuliza kama mimi nitamchimbia, hata pembeni, hata bila tuta, karibu na baba yake tu. Akasema wewe unajua kuchimba chini, mzee Tak kaniambia. Hakusema mtoto wangu hakuua. Polisi wamemwambia mara nyingi mpaka na yeye ameanza kusadiki. Akasema kama ameua ameua, mimi nataka tu asizikwe bondeni akalala kwenye maji.

Nikamtazama. Kimchi yake ndiyo niliyokuwa nimeila asubuhi.

Nikainuka. Nikaenda ghalani, nikavua buti zako, nikaziweka juu ya meza ya Sajini Pyo. Nikatoa lile tambara nikamwonyesha. Nikamwambia ni mdogo wangu, Heo Cheon-seok, vidole vitatu vilikatwa na behewa la makaa mgodini, na buti zangu anazo yeye. Kwa sababu wewe hutupi kitu, nakujua. Nikamtajia mgodi na nambari ya bweni. Nilirudi nyumbani na kandambili za polisi, theluji imeanza.

Jana nilipopakua wali mkono wangu ukafanya ulivyozoea. Ukajaza na bakuli lako, ukalifunika, ukaliweka chini ya blanketi penye sakafu inayopashwa moto, kama shemeji yako alivyokuwa anakuwekea kila ukiwa njiani kuja. Nikakaa nalitazama. Baadaye nikalibeba nikalipeleka kwa Gap-su. Sajini ndiye aliyenifungulia. Mtoto alikula kwa kijiko kidogo, upande mmoja wa mdomo. Alitaka kunishukuru, ikamchukua muda. Nikasubiri mpaka akamaliza.

Sasa umefika chini. Mtu aliyekuletea barua hii, uliyemkalisha penye moto, ndiye Sajini Pyo. Yuko hapo anasubiri umalize kusoma. Nilimwomba kitu kimoja tu, usikie kwangu kabla hujasikia kwake, kwa maandishi yangu haya mabaya. Amekubali. Alisema ataisoma kwanza, nikamwambia asome.

Kwenye kifurushi mna buti zako. Nimezisafisha, nimezikausha, tambara nimeliosha nikalirudisha mahali pake. Vaa zako. Zangu mpe yeye.

Kama nimekosea, mwambie. Mwambie kwa nini, atasikiliza, siyo kama wale wengine. Nikiwa nimekosea nitakuja huko kwa miguu nipige magoti mbele ya wenzako wote. Natamani niwe nimekosea. Kama sijakosea, sema yote, sema na wale wawili, usimwachie yule mtoto hata mmoja.

Nimemuuliza kama atakupiga. Amesema hatakupiga, maadamu hutakimbia. Basi usikimbie, mdogo wangu. Njia ya huko ina barafu na mguu wako siyo mzuri.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Kaburi la mama nimelifyeka. La shemeji yako bado tuta halijashikana, nitalirudia masika. Salamu za majirani sina, sikumwambia mtu kuwa naandika.

Mimi kaka yako,
Heo Man-seok