Mtungi wa Msimbu Uliodhaniwa Bomu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kisarawe, tarehe 14 Februari 1979, saa 4 asubuhi

Jina: Hemedi Mwinyijuma Kondo. Umri: miaka 50 hivi. Kabila: Mzaramo. Dini: Uislamu. Elimu: darasa la pili, la tatu nililianza. Kazi: mkulima. Makazi: kijiji cha Msimbu.

Mimi ni mjomba wa Mwinjuma Salehe wa Maili Moja, Kibaha, aliyewekwa mahabusu hapa tangu jana. Mama yake ni dada yangu Biubwa, yuko hapo nje, hajatia kitu mdomoni. Tumeambiwa gari la jeshi litamchukua mchana kwa kuwa amekutwa na bomu. Lile si bomu. Ni mtungi wa hewa, na hewa yake mimi nimeivuta chini ya bahari.

Mwinjuma ameajiriwa na mradi mmoja wa samaki Dar es Salaam. Walichukua meli kuukuu, wakaitoa injini na mafuta, wakaizamisha kwa makusudi ili samaki wapate makao. Kazi yake ni kuizamia na kutazama nani kahamia.

Mnamo mwezi Oktoba mwaka jana nilimtembelea kazini. Wakubwa wake waliponitia machoni tu wakajua huyu ni mtu wa maji. Nilivishwa miwani, mtungi mgongoni, mpira mdomoni. Mwinjuma akaniambia, "Mjomba, huko chini usibane pumzi. Vuta, toa."

Nikamjibu, "Mimi nimevuka Ruvu mamba wakinipisha."

Akasema, "Huku hakuna mamba. Vuta, toa."

Akanishika mkono tukashuka kiasi cha minazi mitatu. Mwinjuma mkimuuliza atasema mmoja.

Afande, meli ile imekaa mchangani kama nyumba yenye wenyewe. Chuma chote kimeota matumbawe, mekundu na ya zambarau, na mengine yanafumba na kufumbua. Samaki wa manjano wanaingia dirishani na kutokea mlangoni. Katika chumba cha nahodha amekaa chewa mkubwa kama ng'ombe. Afande amenitazama, basi aandike mbuzi. Hakutukimbia. Alitutazama kama watu tulioingia bila hodi. Kisha kundi la samaki wadogo likatupitia juu, jua likazimika, likawaka tena. Nilitaka kusema subhanallah, mpira ukanizuia, nikaisema moyoni. Mimi ni msemaji, Msimbu nzima inajua. Siku ile nilitoka majini sikutamka neno mpaka tukafika nchi kavu, na Mwinjuma alidhani nimeumia.

Kijijini nilipowasimulia, balozi wetu wa nyumba kumi, Isihaka Abdala, alisema mbele ya watu, "Hemedi, mwaka jana ulimpanda kiboko, mwaka huu umekwenda kumjulia hali samaki?" Wakacheka hadi wanawake. Ndipo nikamwagiza Mwinjuma aombe ruhusa kazini, aje na mtungi na mpira wake, watu waone.

Alifika juzi jioni. Akaniuliza, "Mjomba, nikaripoti kwa balozi?" Kila mgeni huripoti, na sasa nchi ina vita. Nikamwambia, "Kwa mjomba wako wewe mgeni wa nini?" Nilitaka Isihaka ashtukizwe kwenye mkutano wa kijiji. Jana asubuhi Isihaka alipita kwangu akaona chuma mvunguni, kimefunikwa kanga. Akaita mgambo. Hakukosea, yeye hajui mtungi. Mwinjuma naye hakuficha kitu. Aliyemzuia ni mimi.

Afande Onesmo ameniuliza nitathibitishaje. Nimesema uletwe uani. Umeletwa, askari wakasogea nyuma ya ukuta, Isihaka nyuma ya askari. Nimefunga mpira kama nilivyoona wakifunga, nimefungua koki, nimevuta, nimetoa. Kisha nimempa Afande.

Niliyoyasema ni ya kweli, nimesomewa nikayakubali, isipokuwa habari ya mbuzi, alikuwa mkubwa zaidi.

Sahihi ya shahidi: Hemedi M. Kondo

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyaandika kama alivyoyatamka. Mtungi umefunguliwa mbele yangu. Ni hewa, baridi kidogo, haina harufu, nimeivuta mwenyewe. Nimepiga simu mradini, wamekiri mtungi ni wao na ruhusa walitoa. Mtuhumiwa Mwinjuma Salehe ameachiwa saa 7 mchana na kukabidhiwa kwa mama yake. Nimemuuliza kama mtu asiyejua kuogelea anaweza kushushwa. Amesema anaweza, akishikwa mkono.

Koplo Onesmo